Siku Nilipoiambia Mashine Ifanye Nisemavyo

Wanaofanya kazi nami leo hunicheka. Kompyuta ikiniuliza swali lolote, hata lile la kijinga la kufuta faili moja, nainuka kwanza, natoka nje, nazunguka jengo, ndipo narudi kujibu. Wanasema mama huyu ana mashetani. Wacheke tu. Hawakuwepo Bariadi asubuhi ile, na mimi nilikuwepo.

Ilikuwa miaka ya soko huria, ushirika ulipokoma kuwa mnunuzi pekee wa pamba na kila mwenye mizani na lori akaruhusiwa kujaribu bahati yake. Tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Jinari za watu binafsi, viwanda vya kuchambua pamba, zilichipuka huku na huku, na mimi, msichana wa kidato cha nne niliyejua kupiga taipu, nikapata kazi katika moja ya hizo. Bosi alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyegeukia pamba. Mtu mwema, lakini mkono wake ulikuwa mzito kuingia mfukoni. Fundi mmoja wa Mwanza alipomwambia kuna mfumo wa kompyuta unaoitwa Linux, na kwamba huo ni wa bure, bosi alikubali kabla fundi hajamaliza sentensi.

Fundi akaja, akakaa nasi siku mbili, akaniachia sidii saba ndani ya mfuko wa nailoni. Alinifundisha hivi: kila programu ni kifurushi, na kipo chombo kimoja cha kuviweka na kuviondoa, kinaitwa apt-get. Unaandika jina la kifurushi, chenyewe kinajua kimo katika sidii ipi, kinakuambia toa ya pili, weka ya tano. Na kifurushi hakiji peke yake. Kinakuja na vile kinavyovitegemea, navyo vinakuja na vya kwao. Siku ya kwanza niliomba programu ya kuandikia barua tu, vikaja vifurushi ishirini na vitatu! Nikamuuliza fundi, hivi vyote vya nini? Akasema, "Dada, usione vyaelea, vimeundwa." Nikadhani ananiletea methali kwa sababu jibu halijui.

Sasa nieleze habari ya mbegu, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini naandika haya. Jinari hutenga nyuzi na mbegu. Sehemu ya mbegu hupakwa dawa ya wadudu na kurudishwa kwa wakulima wakapande. Sehemu nyingine haipakwi kitu, inauzwa kwenye kiwanda cha kukamua mafuta Maswa, yale mafuta tunayokaangia mboga. Ile yenye dawa hutiwa rangi nyekundu ili hata asiyejua kusoma aione na aiogope. Basi msimu ule rangi iliisha. Dawa ilikuwepo, rangi haikuwepo, na bosi akasema hawezi kusimamisha kazi kwa sababu ya urembo.

Magunia yakawa yote sawa. Mtu ataniuliza, mlishindwa kunusa? Ninuse nini, stoo nzima ilinuka dawa hadi nje barabarani. Tukayapanga katika mafungu sitini, kila fungu na namba yake iliyochorwa kwa lami, nami nikaambiwa niandike kwenye kompyuta fungu lipi lina dawa na lipi halina. Daftari sikupewa. Nilipoliomba bosi alisema, "Na hiyo kompyuta nimeinunua ya nini?"

Mtunza stoo alikuwa mzee wa Bukundi aliyefanya kazi ushirika tangu ujana wake. Kila asubuhi nilimsalimia "wangaluka", naye akaitikia kwa sauti ndefu na kuniita mayu, mama, ingawa nilikuwa sawa na mjukuu wake. Nilimheshimu, na nisidanganye, nilimpenda pia. Kila alipokunywa chai alinibakishia kiazi.

Siku yenyewe lori la Maswa lilikuwa lije saa sita mchana. Saa tatu bosi akasimama mlangoni kwangu. "Binti, nichapie ile orodha ya mbegu. Nataka karatasi mkononi kabla lori halijaingia." Nikasema sawa mzee. Kazi ya dakika mbili. Nikaiamuru mashine ichape, mashine ikakataa. Diski imejaa.

Haya. Diski ikijaa unapunguza. Nikaorodhesha vifurushi vyote vilivyokuwa ndani, nikaanza kutafuta mla bure. Nikakiona kimoja, jina lake libc6. Sikuwahi kukiita hata siku moja. Hakiandiki, hakichapi, hakina picha, hata mchezo wa karata hakina. Nikasema huyu ni mgeni aliyekuja na wenzake, wenzake wana kazi, yeye anakula na kulala. Nikaandika aondolewe.

Skrini ikajaa majina. Yalipanda juu, yakaja mengine, yakapanda, yakaja mengine. Mashine ikasema vyote hivyo vitaondoka naye. Ikasema jambo ninalotaka kufanya ni la hatari. Ikasema kama kweli nalitaka, nisibonyeze herufi moja tu kama siku zote, bali niandike sentensi nzima, kwa Kiingereza, pamoja na alama ya mshangao mwishoni: Ndiyo, fanya kama ninavyosema!

Hapa lazima nieleze tulivyolelewa, kwa sababu wenye akili wameniuliza mara nyingi, wewe hukuona onyo? Nililiona. Lakini kwetu mgeni akiaga, mwenyeji hamwachi aende hivi hivi. Atamwambia kaa kwanza, jua ni kali. Mgeni atasema naondoka. Atamwambia ugali uko jikoni, utatuaibisha. Mgeni atasema naondoka. Ataambiwa hata huko unakokwenda njia ni mbaya, juzi fisi wameonekana. Hakuna fisi, kila mtu anajua hakuna fisi, ni heshima tu, na mgeni mwenye adabu hushikilia neno lake mpaka wakamsindikiza. Kwenye shule yetu ya msingi alikuja mwalimu wa kutoka mbali, hajui desturi hii, akawa kila akizuiwa anakaa tena. Alikaa kwa shangazi yangu kutoka asubuhi mpaka kuku wakaingia bandani, shangazi akiwa hoi, hana tena cha kupika. Tulimcheka mwaka mzima.

Basi na mimi nikaona mashine inamzuia mgeni wake. Inanizuia kiungwana, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kazi yangu ni kushikilia neno. Hata nikatabasamu. Nikaiandika ile sentensi herufi kwa herufi, nikaweka na mshangao wake.

Diski ikanguruma kidogo. Kisha mistari ikaanza kutoka, makosa juu ya makosa, kisha ikanyamaza. Nikaandika ls, ile amri ya kuonyesha vilivyomo, amri ya kwanza kabisa niliyofundishwa. Mashine ikajibu kwamba kitu hicho hakipo. Nikaandika tena. Hakipo. Nikajaribu kufungua orodha yangu. Chombo cha kufungulia hakipo. Nikajaribu apt-get yenyewe, nimrudishe yule mgeni, nimbebe mgongoni hata. Haipo! Kila nilichokiita hakikuwepo, na kila jina lilikuwa pale dakika tano nyuma.

Mungu wangu. Kijasho chembamba kikanitoka mpaka nyuma ya magoti. Sikuifikiria kompyuta, nakuapia. Niliyaona magunia, na namba zake za lami, na akili yangu ikawa nyeupe: sikukumbuka hata fungu moja.

Simu ya mezani ilikuwa ofisini kwa bosi, na bosi alikuwa kwenye mizani. Nikampigia fundi Mwanza. Nikamweleza yote.

"Umeizima?" akauliza.

"Sijaizima kaka."

"Usiizime. Unanisikia dada? Ukiizima haiwaki tena. Na pale ulipokuwa unaandikia usipafunge, ukipafunga hupafungui. Umeng'oa msingi, nyumba imebaki inaning'inia kwa mazoea. Kila kifurushi kilikuwa kimesimama juu ya hicho kimoja."

"Na orodha yangu?"

"Orodha ipo. Faili lako halijaguswa. Kilichokufa ni vyombo vya kulisomea." Akafikiri. "Subiri. Kuna kitu kimoja bado kiko hai, hicho hicho kinachokupokelea amri. Chenyewe kinajua kusoma mstari na kuusema. Kidogo tu. Una kalamu?"

Karatasi sikuwa nayo, nikaandika kwenye kiganja na mkono mpaka karibu na kiwiko. Ilikuwa amri moja ndefu: soma mstari, useme, soma mwingine, useme, mpaka faili liishe. Akanisomea kila herufi, kila nafasi, kila nukta, nami nikamrudishia. Alivyomaliza akaniuliza kama tuna betri ya kushikilia umeme ukikatika. Ilikuwepo. Ilikufa tangu masika. Akasema, "Basi omba."

Umeme wa Bariadi miaka ile! Ulikuwa unakatika mchana kweupe, hakuna mvua, hakuna upepo. Nilikimbia kurudi chumbani kwangu nikiwa nimeinua mkono juu nisiufute kwa jasho. Nikaandika ile amri kwa kidole kimoja. Nikakosea. Nikaandika tena. Na hapo, jamani, orodha ikatoka. Mafungu sitini, yakapita mbio, yakasimama mwisho wake, na kwa kubonyeza vitufe viwili niliweza kurudi juu kidogo kidogo. Nikachukua bahasha kuukuu, nikaanza kunakili kutoka chini kwenda juu. Sitini, dawa. Hamsini na tisa, safi. Hamsini na nane, safi.

Lori likaingia saa tano. Saa nzima kabla! Niliisikia honi, nikasikia utingo akiruka chini. Mzee wa stoo akaja dirishani kwangu.

"Mayu, wenyewe wamefika. Karatasi iko wapi?"

"Nisubiri kidogo baba."

"Hakuna taabu, nayajua mafungu yangu. Nitaanza na yale ya mlangoni. Yale ni safi."

"Usianze!"

Nilimpigia kelele. Mzee yule, ambaye hata bosi alimwinamia kichwa. Alinitazama kwa mshangao, kisha akaondoka polepole. Niliona haya mpaka machozi yakanilenga, lakini sikuinuka. Taa ya juu ilikuwa imeanza kupepesa. Thelathini na moja, safi. Thelathini, dawa. Nilikuwa naandika na kusali kwa wakati mmoja, na sala yenyewe ilikuwa ya kitoto: Mungu nipe dakika kumi, Mungu nipe dakika kumi, halafu nifanye unavyotaka.

Nilikuwa nimeandika fungu la kumi. Nilikuwa nimenyanyua kidole kubonyeza nipande juu mara ya mwisho. Umeme ukakatika.

Jinari nzima ilinyamaza. Ukiwa umezoea kelele za mashine za pamba, ukimya wake unatisha. Nilikaa mbele ya kioo cheusi, bahasha mkononi, namba za kumi mpaka sitini. La kwanza mpaka la tisa sikuyasoma. Na la kwanza mpaka la tisa ndiyo yale ya mlangoni, kwa sababu nilipoanza kuandika orodha nilianzia mlangoni.

Nilitamani kukimbia. Nasema kweli, nilitazama lango, nikapima. Kisha nikaenda stoo.

Bosi alishafika. Wapakiaji walikuwa wameshika gunia la kwanza la fungu la kwanza. Nikasema waliache. Bosi akauliza karatasi iko wapi, nikampa bahasha, akaigeuza huku na huku.

"Na haya tisa?"

"Sijui, mzee. Mashine nimeiharibu. Mimi mwenyewe. Niliiambia ijibomoe ikajibomoa, na umeme umekatika kabla sijamaliza kusoma."

Hakunifokea, na hilo lilinitia hofu zaidi. Alimgeukia mzee. "Mzee wangu, haya tisa unayajua?"

"Nayajua," mzee akasema, na hakunitazama. "Ni safi. Niliyapanga kwa mikono yangu."

"Basi pakieni."

Sijui nilivyofika pale. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimekaa juu ya gunia, mlangoni, na meno yalikuwa yanagongana, karibu saa sita mchana, jua la kiangazi linawaka.

"Baba," nilimwambia mzee, "nakuheshimu kama mzazi wangu. Lakini hujui. Unakumbuka, na kukumbuka siyo kujua. Watu watakula haya mafuta."

"Binti, toka," bosi akasema.

"Sitoki."

"Unataka kunifundisha kazi? Wewe uliyeua mashine?"

"Sitoki, mzee. Nifukuze lakini sitoki."

Utingo alicheka. Wapakiaji walitazama pembeni, na mzee akavua kofia yake akaishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyetukanwa msibani. Niliogopa wote: bosi, mzee, lori, na zaidi niliogopa kwamba nakosea, kwamba yale tisa ni safi na nimemvunjia heshima mtu mzima kwa ubishi wangu tu. Sikuwa na uhakika hata chembe. Mwishowe dereva akasema yeye ana safari, wampe yale yaliyoandikwa safi kwenye bahasha, mengine atayafuata siku nyingine. Ndivyo ilivyokuwa. Lori lilipotoka bosi akaniambia nikachukue vitu vyangu.

Nilikaa nyumbani kwa mama siku nne. Silali, na nikilala naota namba. Mama alidhani nimepata mimba, akawa ananizungukia kwa maswali ya pembeni.

Siku ya nne, mchana, mzee wa stoo akaja. Alikuja kwa miguu, na si karibu. "Mwadila, mayu," akasalimia, nikapiga goti kidogo, nikamletea kigoda, akakaa. Kisha akasema fundi amekuja kutoka Mwanza, ametoa diski, ameitia kwenye mashine nyingine, orodha imesomeka yote.

"Fungu la nne," akasema. "Na la saba."

"Yana nini baba?"

"Dawa."

Nilifikiri siku nne kwamba nikisikia neno hilo nitafurahi, nitasema si niliwaambia. Thubutu! Mzee aliendelea kwa sauti ile ile ya chini. Bosi anasema nirudi kazini, hata kesho.

"Asante baba. Mungu akubariki kwa kuja."

"Siyo hilo lililonileta," akasema. Alitazama jikoni, alikokuwa mama, akaivuta karibu ile kofia yake. "Siku rangi ilipoisha, wewe hukuanza kuandika siku ile ile. Unakumbuka? Zilipita siku nne ndipo ukaambiwa uandike."

"Nakumbuka."

"Katika siku zile nne lilikuja lori moja la Maswa. Hakukuwa na orodha. Nililipakia kwa kichwa changu."

Nikamuuliza ni lini hasa, ingawa nilijua. Mwezi mmoja uliopita. Mbegu ya mwezi mmoja ilishakamuliwa, ilishatiwa kwenye madumu, ilishauzwa kwa kipimo masokoni, Maswa, na hapa Bariadi, na vijijini kote. Nikamuuliza kama amemwambia mtu. Akasema ameniambia mimi.

Mama akatoka na ugali na dagaa wa kukaanga, akaweka chini mbele yetu, akaleta maji ya kunawa. "Karibu baba, karibu tule." Mzee akanawa. Hakuna namna ya kukataa chakula cha mwenye nyumba. Dagaa waling'aa kwa mafuta, na mafuta mama aliyanunua sokoni wiki ile.

"Mama, ngoja," nikasema.

Akaniangalia, mkono wake uko kwenye sahani. "Ningoje nini?"

Nikamtazama mzee. Mzee akatazama chini. Sikuwa na namba ya kumpa, wala karatasi, wala fungu la kuonyesha kwa kidole. Mama akasubiri kidogo, akacheka, akamega tonge.